Robo Iliyoonekana Kila Kata

Mtu akifika nchi ya Marejeo haulizwi ametoka wapi. Huulizwa yuko mbali kiasi gani na Chimbuko, na akijibu kwamba hajui, wenyeji humtazama kwa huruma kana kwamba amesema hajatia kitu tumboni tangu jana. Ndivyo alivyotazamwa Hidaya. Alikuwa mwalimu wa hesabu, ndiyo kwanza ametoka chuoni, binti mwenye haya nyingi na sauti ndogo, ambaye wanafunzi wake wa dawati la nyuma hawakujua kama kipindi kimeanza mpaka waone chaki inaandika. Jinsi alivyofika huko si jambo la kumsumbua mtu. Alifika, akapewa maji ya kunywa, akakaribishwa katika nyumba isiyo na paa.

Mwanzoni alidhani nyumba imeungua. Kisha akaona ya jirani nayo haina paa, na ya jirani wa jirani. Kuta zilikuwa nzuri, zimepakwa chokaa. Milango ilikuwa ya kuchonga. Madirishani kulikuwa na mapazia yaliyofuliwa na kupigwa pasi. Juu ya yote hayo kulikuwa na mbingu. Kabati la vyombo lilifunguliwa mwavuli, na mabata wawili waliketi chini ya meza ya chakula kwa raha zao, kama wapangaji.

"Karibu, dada, karibu ukae," alisema mwenye nyumba, mwanamke kijana aliyeitwa Sikudhani, huku akivuta kiti kukitoa juani. Alikuwa mjamzito, na mimba imeshakuwa kubwa, akitembea kwa kujishika kiuno. "Usishangae. Nyumba imekwisha, kasoro kibali."

"Kasoro kibali na kasoro paa," alidakia mama mkwe wake, Bi Kirembwe, ambaye sauti yake ilifika kabla yake mwenyewe. "Na mumewe ni fundi wa vigae! Nenda uani ukaone, mwanangu. Vigae vimerundikwa mpaka vimeota nyasi. Huyu mwanangu anaweza kuiezeka nchi nzima, ila haruhusiwi kumwezekea mkewe."

"Mama," alisema Chande, fundi mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara nyingi bila mafanikio.

Masika yalikuwa karibu. Mawingu yalianza kujikusanya kila alasiri, yakachungulia ndani ya nyumba, yakaenda zao. Watu wa nyumba ile walicheka sana, lakini Hidaya hakuchukua muda kuiona hofu iliyokuwa chini ya kicheko chao: kipi kitatangulia, mtoto, mvua au paa.

Ili kukielewa kibali hicho, ni lazima kwanza kuijua nchi yenyewe.

Marejeo ni ziwa pana lisilo na kina, maji ya magoti hadi kifua, na ndani yake vimesimama vilima vya udongo, kila kimoja kikitosha nyumba na bustani ya viazi. Nchi haina ukingo. Anayekwenda mashariki bila kukata tamaa hurudi kwake akitokea magharibi, na anayekwenda kaskazini hutokea kusini, pengine akiwa amesahau alichokuwa amekifuata. Miendo yote hupimwa kuanzia Chimbuko, kilima kidogo chenye chemchemi, kisichokaliwa na mtu. Na kuna ajabu moja ambayo wenyeji hujivunia mbele ya kila mgeni: ukishika mwendo wa kufika kilima fulani, kisha pale ulipoishia ukaunga mwendo wa kufika kilima kingine, hutumbukii majini. Utatua kwenye kilima cha tatu, mkavu. Ndiyo maana kuunga miendo ni mchezo wa watoto huko.

Kugawa ndiko kwenye kazi. Nyumba yako inaweza kuwa pakavu kabisa, lakini ukiukata mwendo wake katikati, ukasimama pale ulipoukata, utajikuta una vyura ndani ya viatu.

Tangu zamani sheria iliagiza kwamba nyumba haiezekwi mpaka mwenyewe aonyeshe nusu yake, yaani kilima ambacho mwendo wake, ukirudiwa mara mbili kutoka Chimbuko, unamfikisha mtu mlangoni pa nyumba hiyo. Hapo hupigwa kigingi, na kibali hutoka. Aliyekosa nusu alihama kilima akajenga kwingine. Hakuna aliyekumbuka sababu ya sheria hiyo. Wengine walisema ni ya usalama, wengine ya heshima, na Bi Kirembwe alisema aliyeitunga alikuwa na paa tayari.

Kwa kuwa wakaguzi hawakupenda kulowa, kazi ya kuthibitisha nusu walipewa madiwani wa kata, na Chande alimpeleka Hidaya kwenda kuona inavyofanyika. Kata za Marejeo huitwa kwa namba zisizogawanyika: Kata ya Tano, Kata ya Saba, Kata ya Kumi na Moja, na kuendelea mpaka mtu achoke. Kila kata huhesabu hadi kukaribia namba yake, kisha huanza tena kwenye sifuri, na huona mambo yote kwa hesabu hiyo. Diwani wa Kata ya Tano, mzee mchangamfu mwenye kofia ya ukindu, alikuwa na watoto sita.

"Ninaye mmoja," alimwambia Hidaya alipomuuliza, na wote sita walikuwa wamesimama nyuma yake wakila miwa.

Katika ua wa kila kata imepangwa nchi nzima, ila kwa udogo wa hesabu ya kata hiyo. Uani kwa Diwani wa Tano kulikuwa na mawe machache tu. Jiwe moja lilisimama badala ya vilima vingi, kwa sababu hesabu ilikuwa ikirudi mwanzo. Mtu anapoleta ombi, diwani husimama juu ya jiwe la Chimbuko, huuchagua mwendo, huurudia, na akifika kwenye jiwe la nyumba ya mwombaji, hupiga makofi na kutangaza kwamba imo. Ni kazi ya dakika chache na haina matope.

"Na kama ua wako umekosea?" Hidaya aliuliza, akiitazama kandambili yake.

Diwani alicheka. "Ua wangu haukosei, binti. Ua wangu hauoni mbali, hilo nakubali. Lakini ninachokiona hapa kipo hapa." Akaligonga jiwe kwa kisigino.

Na kwa nusu, ni kweli, utaratibu ule ulikuwa haujawahi kukosea. Kila mara nyua zote ziliposema nusu ipo, mtu alikwenda akaikuta, kavu, inamngoja. Wasomi wa Marejeo walikuwa wamelithibitisha jambo hilo na kulifundisha shuleni. Nchi ingeweza kuishi hivyo kwa amani, kama isingempata Mkuu mpya wa Vipimo.

Huyu aliitwa Mheshimiwa Ndaro, mtu mrefu, mwenye sauti nzuri na moyo usio mbaya, aliyeona aibu kwamba nchi yake imeishia kwenye nusu. Mwaka wake wa kwanza alipendekeza sheria ya robo. Sasa mwenye nyumba atatakiwa kuonyesha kilima ambacho mwendo wake ukirudiwa mara nne ndio humfikisha mlangoni. Hotuba yake ilikuwa fupi, na wengi waliweza kuikariri.

"Robo ni nini?" aliuliza siku ile. "Ni nusu ya nusu. Nyua zetu zinakosea mara ngapi kwa nusu? Hakuna. Basi kwa nusu ya nusu zitakosea hakuna mara mbili, na hakuna mara mbili ni hakuna."

Walimpigia makofi mpaka maji yakatikisika. Tangu siku hiyo, hakuna nyumba mpya iliyopata paa.

Majirani wengi walikuwa bado wanangoja kata zijibu. Sikudhani alikuwa wa kwanza kupata majibu yote, na yote yalikuwa mema. Kata ya Tano ilisema robo yake ipo. Kata ya Saba ilisema ipo. Kumi na Moja, Kumi na Tatu, Kumi na Saba, zote zilisema ipo. Watu walikuja kumpongeza na viazi vya kuchemsha. Kisha yeye na Chande wakatoka kwenda kupiga kigingi, na robo hawakuiona.

"Labda hamkutafuta vizuri," Hidaya alisema, kisha akajuta, kwa kuwa macho ya Sikudhani yalijaa machozi ghafla, ingawa mdomo ulikuwa bado unatabasamu.

"Dada, nimetafuta na tumbo hili. Ngoja nikuonyeshe. Nusu zetu ziko nne."

"Nusu nne? Nusu si huwa…"

"Kwenu labda nchi imenyooka," alisema Bi Kirembwe. Akavua khanga ya begani, akaitandika mezani, mabata wakatoka. "Tazama. Ukitoka Chimbuko ukaja kwetu moja kwa moja, katikati ya njia ni hapa. Nusu ya kwanza. Lakini unaweza kuipita nyumba yetu, ukaizunguka nchi kwa mashariki, ndipo ufike. Njia imekuwa ndefu, na katikati yake ni hapa. Nusu ya pili. Au uzunguke kwa kaskazini. Ya tatu. Au uzunguke kote kuwili, kama mlevi. Ya nne. Na kila moja ukiurudia mwendo wake mara mbili, utakuja kugonga mlango huu huu, na utanikuta mimi."

Hidaya alielewa, na moyo ukamchangamka kama zamani darasani hesabu ilipokubali. Zote nne zilikuwa vilima vikavu, zimepigwa vigingi. Robo ilikuwa ni nusu ya mojawapo ya hizo, yoyote. Na kila moja ya hizo nayo ilikuwa na nusu zake nne.

"Kumi na sita," alinong'ona.

"Kumi na sita," alisema Sikudhani. "Nimezifikia zote. Zote zimo majini. Moja ilinifika hapa." Akaonyesha chini kidogo ya kifua.

"Na umewaambia?"

"Nimewaambia. Ndiyo maana wameniita Barazani kesho. Nimeshtakiwa kuficha robo."

Shauri lenyewe lilikuwa limepangwa hivi: kata zote zimethibitisha kwamba robo ipo, mwenye nyumba anasema haipo, kata zote haziwezi kusema uongo, basi mwongo ni mwenye nyumba. Adhabu ya kuficha kipimo ilikuwa kunyang'anywa kilima. Chande alilieleza hilo akiwa ameinamia kigae, anakisugua kwa kidole gumba kana kwamba kina doa.

Asubuhi Baraza lilikaa nje, kwa kuwa madiwani walikuwa wengi kuliko viti na viti vilikuwa vingi kuliko ukumbi. Mheshimiwa Ndaro aliketi kwenye kiti kirefu. Sikudhani alipewa kigoda, akaketi kwa taabu, Chande akasimama nyuma yake. Hidaya alijibanza ubavuni kwa Bi Kirembwe.

"Diwani wa Tano," aliita Ndaro. "Robo ya nyumba hii ipo?"

"Ipo, Mheshimiwa."

"Diwani wa Saba?"

Diwani wa Saba alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sifa ya kutopindisha neno. Alikuwa na kuku kumi na wanne, na kila mtu alijua kwamba kwa hesabu ya kata yake hana hata mmoja, ingawa mayai alikuwa akila. "Ipo," alisema.

Iliendelea hivyo, ipo, ipo, ipo, mpaka jua likapanda. Kila neno lilipotamkwa, Sikudhani alizidi kujikunja. Ndaro akamgeukia, na kwa haki yake ni lazima isemwe kwamba alizungumza kwa upole.

"Mama, umesikia mwenyewe. Nchi nzima imeiona robo yako. Wewe peke yako huioni. Kwa nini unajitesa? Ionyeshe, uezeke, ulale."

Hidaya alikuwa amelitafakari jambo lile usiku kucha, na swali alikuwa nalo, lakini hakuthubutu kusimama. Akamvuta Bi Kirembwe pindo la khanga.

"Mama, waulize… hiyo robo waliyoiona ni nusu ya nusu ipi?"

"Sema kwa sauti, mwanangu."

"Siwezi."

"Haya." Bi Kirembwe akasimama, akajipangusa vumbi, na kina mama waliomjua wakaziba masikio. "Waheshimiwa! Mgeni wangu huyu, msomi, anauliza! Hiyo robo mliyoiona kwenye mawe yenu, mkiwa mmekaa kwa raha na miguu mikavu, ni nusu ya nusu ipi? Nusu za mkwe wangu ziko nne! Mliona ipi?"

"Hayo ya miguu mikavu sikuyasema," alinong'ona Hidaya.

"Nimekuongezea."

Kulikuwa na kicheko, kisha Diwani wa Tano akajibu kwa uchangamfu wake wote, "Nusu ya mashariki, bila shaka. Ndiyo inayogawika."

"Ya mashariki?" Diwani wa Saba aligeuka. "Ya mashariki haigawiki. Inayogawika ni ya kaskazini."

"Ya kaskazini? Kwangu kaskazini ni jiwe gumu, haikatiki hata kwa shoka!" alisema Diwani wa Kumi na Moja. "Ni ile ya moja kwa moja."

"Mnasema nini ninyi? Ni ya kote kuwili!"

Wakasimama wote pamoja. Ndaro aligonga meza, akasema nusu ni nusu na huo ni ubishi wa bure. Lakini Bi Kirembwe alikuwa bado hajakaa.

"Kama ni nusu ni nusu, si nendeni mkasimame! Kila mtu aende penye nusu yake aliyoiona. Vilima vyenyewe ndivyo vile. Au mnaogopa kulowa?"

Hakuna diwani aliyekubali kuambiwa anaogopa kulowa. Walipandisha nguo wakaingia majini, wakaenda kwa makundi, wakibishana njia nzima. Vilima vinne vya nusu havikuwa mbali sana. Mtu akipaza sauti alisikika. Baada ya muda vyote vinne vilikuwa vimejaa madiwani waliolowa, kila kundi limekizunguka kigingi chake na kupunga mikono likiwaita wenzao wa vilima vingine waje penye ukweli.

Ndaro alisimama akavitazama. Alikuwa mtu wa vipimo na hakuwa mjinga. Aliangalia kilima cha mashariki, akaona Kata ya Saba haipo. Aliangalia cha kaskazini, Kata ya Tano haipo. Kwa vyote vinne ilikuwa hivyo hivyo. Kila kilima kilikuwa na kata zilizokikataa.

"Diwani wa Saba!" aliita. "Sogea tu hapo mashariki, uungane na wenzako, tumalize jambo hili tukale."

"Nikisogea nitakuwa mwongo, Mheshimiwa!" sauti nyembamba ilirudi juu ya maji. "Kwenye ua wangu nusu ya mashariki haigawiki hata uililie!"

Ubishi ulikoma hata sauti ndogo ikaweza kusikika, na kabla Hidaya hajafikiria vizuri, alijikuta anazungumza.

"Hakuna aliyesema uongo, Mheshimiwa. Wote wameona kweli. Ila hawakuona kitu kimoja." Akaonyesha vilima vinne kwa kidole. "Kwa nusu, nyua zikikubali, ipo. Hilo ni kweli. Kama kungekuwa na kilima kimoja kati ya vile vinne ambacho wote wamesimama juu yake, nusu yake ingekuwepo, na ndiyo ingekuwa robo. Lakini hakuna. Kila ua umeona robo, na nchi haina."

Sikudhani aliinua uso. Hidaya hakumbuki alichokifanya baadaye, ila aliambiwa kwamba alijificha nyuma ya Bi Kirembwe.

Ndaro alikaa, akasimama, akakaa tena. Mbele yake kulikuwa na watu wengi, na nyuma yake sheria yenye jina lake. "Haiwezekani," alisema hatimaye. "Nusu ya nusu! Nitakwenda mwenyewe." Akavua viatu, akaenda mpaka Chimbuko, watu wote wakimfuata kwa macho. Alichagua kilima cha mashariki, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na madiwani wengi zaidi, akaukata mwendo wake katikati, akautembea kwa hatua za heshima, kiti chake kikibaki kinamwangalia. Hatua ya mwisho ilimtumbukiza mpaka kwapani.

"Nimefika!" alipaza sauti. "Robo ni hii! Niko juu yake!"

"Uko wapi, Mheshimiwa?" aliuliza Bi Kirembwe.

"Hapa!"

"Hapo ni wapi?"

Ndaro alitazama kulia, akatazama kushoto. Bata mmoja alipita. "Majini," alisema.

"Na mkwe wangu alipowaambia majini, mlimwita mwongo."

Hapo Diwani wa Tano, aliyependa sheria kuliko chakula, alipaza sauti kutoka kilimani kwake. "Mheshimiwa, samahani! Ibara ya pili ya Baraza! Majini si nchini. Na Mkuu wa Vipimo akitoka nje ya nchi bila ruhusa, amejiuzulu!"

"Sijatoka nje ya nchi!" alisema Ndaro kwa haraka.

"Kama hujatoka, basi hapo uliposimama ni nchini."

"Ndiyo. Ni nchini."

"Lakini ni maji!"

"Ni nchi," alisema Ndaro, maji yakimcheza kifuani, na Hidaya alimwona akifikiri, akifikiri kwa kweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu apewe kiti. Kisha uso wake ukabadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka kuwa sahihi. "Ni nchi ambayo haijaletewa udongo. Leteni udongo!"

Watu walisitasita kidogo tu. Chande ndiye aliyeanza. Alikimbia nyumbani akarudi na toroli la vigae vilivyovunjika, akavimwaga chini ya miguu ya Mheshimiwa ili apate pa kukanyaga. Majirani wakaleta matenga na makarai. Madiwani, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kulowa, wakashuka kutoka vilima vyote vinne na kupokezana udongo, na kwa mara ya kwanza Kata ya Tano na Kata ya Saba zikasimama mahali pamoja. Ndaro alipanda taratibu pamoja na udongo, kwanza kifua, kisha kiuno, kisha magoti yenye matope, akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyafuata. Alasiri Sikudhani alisaidiwa kupanda kwenye kilima kipya, akapewa nyundo, akakipiga kigingi mwenyewe. Aliupima mwendo kwa macho kutoka Chimbuko, mara moja, mara mbili, mara tatu, na mara ya nne macho yake yakatua kwenye mlango wake.

"Kibali," alisema Ndaro, akikamua koti.

Ni lazima ielezwe kwamba mambo hayakuishia hapo. Siku iliyofuata Diwani wa Saba aliwakumbusha watu kwamba katika Marejeo mwendo wa kilima kimoja ukiungwa na wa kingine ni lazima ufike pakavu. Sasa kulikuwa na kilima kipya, na mwendo wake ukiungwa na ule wa kilima chochote cha zamani, mtu aliishia kwenye maji. Kilima kimoja kilikuwa kimedai vingine, na hivyo vikadai vingine, kote nchini. Baadhi ya wazee walilalamika kwamba nchi itachosha. Lakini vijana waliokuwa wanangoja viwanja walikuwa tayari wamebeba makarai, na majirani wasio na mapaa walianza kuulizana kwa sauti za chini kama robo zao nazo zimekosa udongo tu.

Ndaro alitoa tangazo kwamba tangu mwanzo sheria ya robo ilikusudiwa kuipanua nchi. Watu walilisoma, wakatazamana, wakamwacha nalo. Alikuwa amelowa vya kutosha. Nyua za kata hazikufutwa. Ila sasa diwani anapotangaza kwamba robo imo, mwombaji humuuliza kwanza ni nusu ya nusu ipi, na diwani humjibu bila kununa.

Chande aliezeka nyumba kwa siku tatu, akisaidiwa na kila aliyekuwa na mkono na kuzuiliwa na mama yake aliyesimama chini akimwonyesha kigae kilichopinda. Mabata walifukuzwa chini ya meza, wakahamia chini ya kitanda. Mawingu yalikuja alasiri kama kawaida, yakataka kuchungulia, yakakuta pamezibwa.

Mvua ilianza kabla ya chakula. Hidaya alikuwa jikoni akimenya viazi na Bi Kirembwe, wakasikia kishindo cha kwanza juu ya vigae, kisha vingi, kisha ikawa sauti moja. Walipochungulia chumbani walimkuta Sikudhani ameamka kutoka kitandani, kama alivyozoea kila wingu likinguruma, amekwisha kuukunja mkeka na kuukumbata pamoja na nguo ndogo za mtoto, anatafuta kona isiyovuja. Aliangalia kona moja, akaangalia ya pili, akainua uso juu. Akabaki amesimama katikati ya chumba, mkeka mikononi, tumbo mbele, hajui auweke wapi, kwa maana popote palikuwa pakavu.